Karatasi ya Sultani

Ukishuka feri Likoni ukapanda matatu ya Ukunda, utapita Ng'ombeni na Waa kabla ya kufika Kombani, mahali njia inapogawanyika. Moja inakata mkono wa kulia na kupanda vilima vya Shimba hadi mjini Kwale. Nyingine inanyoosha kwenda Tiwi, Diani, Msambweni na mpakani Lunga Lunga. Ni kituo kama vituo vingine: bodaboda zimepangwa kivulini, madafu yamerundikwa chini, abiria wanagombania viti. Tarehe 15 Oktoba 2012 polisi walivamia nyumba moja hapo Kombani wakamkamata Omar Mwamnuadzi, mwenyekiti wa Mombasa Republican Council, kundi ambalo watu walilijua kwa herufi tatu, MRC, na kwa maneno matatu, Pwani Si Kenya. Katika uvamizi huo watu waliuawa. Mwenyekiti mwenyewe alipopandishwa kizimbani, majeraha yalionekana waziwazi.

Maneno yale matatu yalikuwa yameshaenea kila mahali. Yaliandikwa kwa makaa na kwa rangi kwenye kuta za maduka, kwenye vituo vya matatu, kwenye mawe ya kando ya barabara. Waliotazama mambo kutoka Nairobi waliliona kundi la waasi wanaotaka kuivunja nchi. Lakini aliyekaa na kuwasikiliza wafuasi wake alikuta jambo la ajabu kidogo: hawakuwa wanadai kitu kipya hata kimoja. Hawakuwa na mpango wa uchumi wala nadharia ya utawala. Walikuwa na karatasi. Walitaja mwaka 1895, wakataja 1963, wakataja maili kumi, wakataja Sultani wa Unguja, nao wengi wao walizaliwa baada ya Sultani wa mwisho kukimbia.

Kama neno "mhafidhina" lina maana katika siasa za Kenya, ambako vyama huzaliwa na kufa kila baada ya uchaguzi, basi hapa ndipo mahali pake. Mhafidhina ni mtu anayeamini kwamba haki yake iko nyuma, katika ahadi iliyokwisha kutolewa, na kwamba kazi ya siasa ni kuidai ahadi hiyo itimizwe. Si Kwale peke yake. Mwaka 2009 wanaharakati wa Tea Party huko Marekani walikuwa wakitembea na nakala ndogo za Katiba mifukoni. Tofauti ni kwamba Wamarekani wale walishika karatasi ya babu zao. Wadigo, wenyeji wa Kwale, waliosimama na MRC walishika karatasi ambayo babu zao waliikataa.

Ili kuelewa hilo yafaa turudi kwa Mbaruk.

Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui alikuwa na makao yake Gazi, kijiji cha mikoko kati ya Ukunda na Msambweni, na ngome yake ya ndani ilikuwa Mwele, huko nyuma ya vilima. Kwa miaka mingi alipigana na Busaidi, ukoo wa masultani wa Unguja, akisalimu leo na kuasi kesho. Mwaka 1895 kampuni ya Kiingereza iliyokuwa imekodi pwani kutoka kwa Sultani ilifilisika, na serikali ya Uingereza ikashika usukani yenyewe. Mgogoro wa urithi wa Mazrui huko Takaungu ukamvuta Mbaruk vitani. Agosti mwaka huo Admirali Rawson alipandisha askari hadi Mwele akaivunja. (Ni Rawson huyuhuyu aliyerudi mwaka uliofuata kuipiga mizinga kasri ya Unguja katika vita ambavyo havikufika hata saa moja.) Mwaka 1896 Mbaruk alivuka mpaka na watu wake kuingia himaya ya Wajerumani, na huko akabaki.

Katikati ya vita hivyo, tarehe 14 Desemba 1895, mkataba ulitiwa saini Unguja. Sultani Hamed bin Thuwaini aliwakabidhi Waingereza utawala wa ukanda wa maili kumi kutoka maji yanapojaa, lakini mamlaka ya asili yakabaki yake na bendera yake nyekundu ikabaki juu ya Fort Jesus. Badala yake angelipwa pauni 17,000 kwa mwaka: 11,000 za kodi, na 6,000 za riba ya fedha zilizotumika kuinunua kampuni ile. Kwa hiyo Kenya ikaanza maisha yake kama nyumba yenye chumba kimoja cha kupanga. Mwaka 1920 chumba hicho kikapewa jina lake rasmi: bara likawa Koloni, pwani ikabaki Himaya.

Mdigo hakuulizwa. Hakuwa mwenye nyumba wala mpangaji. Na hili ni jambo ambalo wasemaji wa miaka ya baadaye walilipita mbio kila walipoutaja mkataba: jina lake halimo.

Madhara yake yalionekana mwaka 1908, ilipotungwa sheria ya hati za ardhi za pwani. Kila aliyejiona mwenye shamba ndani ya ukanda alitakiwa kwenda kudai, aonyeshe ushahidi, apewe hati. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Waarabu, Waswahili wa mijini na Wahindi waliokuwa na makaratasi au waliojua kuyatafuta walikwenda. Mijikenda, kundi la makabila ya pwani lenye Wadigo na Wagiriama ndani yake, wengi hawakwenda. Kwao ardhi haikuwa kitu cha mtu mmoja kwenda kuandikisha. Ilikuwa ya ukoo, alama zake zilikuwa minazi, miembe, makaburi na msitu wa kaya, na aliyeipanda miti ndiye aliyekuwa na neno juu ya miti hiyo. Hakuna karani aliyekuwa na safu ya kuandika hayo katika daftari lake.

Tena kwa Wadigo jambo lenyewe lilikuwa na utata wa ndani. Kwa mila yao mali ilipita upande wa mama: mjomba alirithiwa na mpwa, mtoto wa dada yake, ndani ya fuko la mama. Uislamu ulipoenea, mtoto wa kumzaa naye akaja na Kurani mkononi kudai sehemu yake. Kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini kesi za minazi za Kwale zilikuwa vita kati ya mila na sheria ya dini, mpwa huku na mwana kule, na mahakama ikiyumba katikati. Ninalitaja kwa sababu baadaye wasemaji wa siasa walipenda kusema "mila zetu" kana kwamba ni kitu kimoja kilichokaa kabatini kikingoja kutolewa. Mzee yeyote wa Diani au Msambweni angekwambia kwamba mila zenyewe zilikuwa na pande mbili, na pande hizo zilipelekana kortini.

Wakati huo ardhi nyingine ilikuwa inapata wenyewe wapya. Miaka ya 1920 kiwanda cha sukari kilianza Ramisi, kusini ya Msambweni. Mashamba ya miwa na ya mkonge yalihitaji mikono, na mikono ikaletwa kutoka mbali, wakiwamo Wamakonde kutoka Msumbiji. Tutakutana nao tena. Upande wa vilima, mradi wa makazi wa Shimba Hills ulileta familia za Wakamba tangu zama za mkoloni. Hakuna kati ya watu hawa aliyekuja kwa ubaya. Methali ya pwani inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Shida ilikuwa kwamba mgeni alikuja na kipande cha karatasi kilichotolewa na ofisi, na mwenyeji alikuwa bado na minazi tu.

Miaka ya 1950 ilipoelekea ukingoni na uhuru ukaanza kubisha hodi mlangoni, swali la chumba cha kupanga lilirudi. Waingereza wakiondoka, ukanda wa maili kumi utakuwa wa nani? Mombasa, Lamu na Malindi zilikuwa na watu, wengi wao Waarabu na Waswahili, waliosema jibu liko wazi: ukanda si Kenya, haujawahi kuwa Kenya, uachwe ujitawale au urudi kwa Sultani. Harakati hizo ziliitwa Mwambao. Sheikh Abdillahi Nassir, kijana mwenye ulimi mwepesi ambaye baadaye angejulikana zaidi kama mwanachuoni wa Kishia, alikuwa miongoni mwa viongozi wake na akafika hadi mazungumzo ya Lancaster House. Hoja zao zote zilisimama juu ya mkataba wa 1895.

Watu wa Mwambao waliwatazama Wadigo kwa matumaini. Hawa ni Waislamu wenzetu, walifikiri, wanasali nasi, watoto wao wanasoma vyuoni kwetu, wataungana nasi. Hawakuungana, au walioungana walikuwa wachache. Kumbukumbu ya watumwa na ya mashamba ya mabwana ilikuwa bado mbichi, na Mdigo aliyekuwa akimlipa mtu wa mjini kodi ya kiwanja kilichopandwa minazi na babu yake hakuona faida ya kumrudisha Sultani. Lakini pia hakutaka kuamkia utawala wa vyama vikubwa vya bara. KANU, iliyozaliwa Mei 1960, ilionekana kama nyumba ya Wakikuyu na Wajaluo. Mwezi uliofuata makabila madogo yaliunda KADU, na Ronald Ngala, mwalimu Mgiriama, akawa rais wake.

Dawa ya KADU iliitwa majimbo. Kila jimbo liwe na bunge lake, polisi wake kwa kiasi fulani, na la maana kuliko yote, liwe na usemi juu ya ardhi yake. Kwa Mijikenda ilikuwa dawa ya maradhi mawili kwa kikombe kimoja: ilimzuia mtu wa bara bila kumrudisha bwana wa mjini. Mwaka 1961 Sir James Robertson, aliyetoka kuwa Gavana Mkuu wa Nigeria, alitumwa kuja kuusikiliza ukanda. Aliwasikia watu wa Mwambao na mkataba wao, akawasikia Mijikenda wengi wakisema hawautaki, na Desemba mwaka huo akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya, pamoja na kinga kwa dini na mahakama za kadhi.

Hapa ndipo mlango ulipofungwa, na Mijikenda walisaidia kuufunga. Nalisema bila kuwalaumu. Walifanya hesabu ya wakati wao, na kwa wakati wao ilikuwa hesabu nzuri.

Oktoba 1963 mambo yalimalizwa kwa kalamu. Tarehe 5 waliandikiana barua Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Unguja. Kenya iliahidi kulinda uhuru wa kuabudu, kuacha kadhi ahukumu mambo ya ndoa na mirathi ya Waislamu, kuweka maofisa Waislamu katika sehemu zenye Waislamu wengi kadiri iwezekanavyo, kufundisha Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu, na kuzitambua hati za ardhi zilizokwisha kutolewa. Siku tatu baadaye, London, mkataba ulitiwa saini na Sultani Jamshid bin Abdulla akaachia dai lake. Uitazame tena ile ahadi ya mwisho. Hati zilizokwisha kutolewa zitaheshimiwa. Kwa mwenye hati ilikuwa kinga. Kwa Mdigo asiye nayo, kosa la 1908 lilikuwa limepigwa muhuri mara ya pili.

Majimbo yenyewe yalianza Juni 1963 na hayakumaliza miaka miwili. Serikali ya KANU haikuwa na haja nayo. Fedha na madaraka vilicheleweshwa, wabunge wa upinzani wakaanza kuhama mmoja mmoja, na tarehe 10 Novemba 1964 Ngala mwenyewe alisimama kukivunja chama chake na kujiunga na serikali. Kenya ilipokuwa Jamhuri mwezi uliofuata, mabunge ya majimbo yalibaki maganda. Ngala alikufa Desemba 1972 baada ya ajali ya gari, akiwa waziri. Robert Matano, mwenzake wa KADU aliyeiwakilisha sehemu ya Kwale, alidumu serikalini miaka mingi na akawa katibu mkuu wa KANU ile ile. Na Jamshid? Mapinduzi ya Januari 1964 yalimng'oa mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa Unguja, akakimbilia Uingereza.

Miaka ishirini na zaidi iliyofuata siwezi kuisimulia kwa matukio, maana haikuwa na matukio makubwa. Ilikuwa na uzio. Diani ilikuwa pwani ya wavuvi, mikoko midogo, mibuyu na mbega. Watalii walipoanza kumiminika, ufuo wote ukawa mali. Viwanja vya safu ya kwanza baharini vilikwenda kwa wenye uwezo na wenye jina, safu ya pili ikafuata, na njia za kushukia ufuoni zikabanwa kati ya kuta za hoteli. Kijana wa Ukunda alipata kazi ya kufagia bustani pale alipozikwa babu yake. Serikali ilipokuja na miradi ya kuwagawia ardhi maskwota, wenyeji walilalamika kwamba majina kwenye orodha hayakuwa ya watu wanaowajua. Ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria Kenya nzima, na Pwani haikusalimika. Mwaka 1988 kiwanda cha Ramisi kilikufa, na maelfu ya watu waliokitegemea wakabaki kati ya miwa iliyokauka bila kujua nani mwenye ardhi wanayoilima sasa.

Manung'uniko ya namna hiyo hukaa kimya hadi apatikane mtu wa kuyatumia. Mwaka 1997 walipatikana.

Ilikuwa mwaka wa uchaguzi. Tarehe 13 Agosti usiku kundi la vijana lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, likaua polisi, likaiba bunduki, kisha likaanza kuchoma vibanda na nyumba za watu wa bara. Vipeperushi vilikuwa vimeshawaambia wabara waondoke. Vijana wengi walikuwa Wadigo, waliokula kiapo na kufanya mazoezi katika msitu wa Kaya Bombo. Waliambiwa wanapigania majimbo na kwamba mashamba yatarudi. Zaidi ya watu 100 walikufa na wapatao 100,000 walikimbia makwao. Likoni ilikuwa na wapigakura wengi wa bara walioelekea upinzani, na uchunguzi wa tume ya Jaji Akiwumi pamoja na wa mashirika ya haki za binadamu ulikuta mikono ya wanasiasa wa chama tawala katika mpango ule. Vijana walitumika. Baada ya hapo polisi waliwageukia wanakijiji wa Kwale kwa kipigo, hoteli za Diani zikabaki tupu, na waliowapa ahadi hawakuonekana tena.

Uchaguzi ulipofika Desemba, kiti cha Likoni kilichukuliwa na Suleiman Shakombo wa Shirikisho, chama kipya kilichopewa jina lenye maana ileile ya majimbo. Kiti kimoja tu. Hiyo ndiyo faida ya siasa iliyopatikana kutokana na damu yote ile.

Kaya yenyewe ilitoka na doa. Kaya ni msitu uliozunguka makao ya kale ya Mijikenda, mahali pa makaburi, pa kuombea mvua, pasipokatwa mti, na mlinzi wake ni mzee, ambaye kazi yake ni kupoza mambo. Kuanzia miaka ya 1990 Makumbusho ya Taifa yalikuwa yakishirikiana na wazee kuzihifadhi kaya hizi, na mwaka 2008 kadhaa ziliingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, Kaya Kinondo ya Diani ikiwamo. Leo mgeni anaweza kulipa kiingilio, akafungwa kaniki nyeusi kiunoni, akatembezwa Kinondo akasikilize habari za miti. Lakini tangu 1997 kila mwanasiasa na kila mkuu wa polisi anaposikia "kaya" hukumbuka Bombo. Wazee wa Kwale walijikuta wakieleza mara mbili: kwa watoto wao, kwamba kaya ni ya kuheshimiwa, kwa serikali, kwamba si ya kuogopwa.

Kwa maelezo ya viongozi wake, MRC iliundwa mwaka 1999, miaka miwili tu baada ya Likoni. Sina shaka kwamba ukaribu huo wa tarehe una maana. Njia ya panga ilikuwa imeonekana inakoishia, na njia ya chama ilikuwa imeleta kiti kimoja. Ikabaki njia ya karatasi. Kundi lilikaa kimya hadi 2008 hivi, wakati nchi ikiuguza majeraha ya ghasia za uchaguzi, ndipo likaanza kusikika. Mwamnuadzi alitoka Kwale. Katibu wake, Randu Nzai Ruwa, alikuwa na jina la Kigiriama. Wakristo, Waislamu na wafuasi wa mila walikaa pamoja katika mikutano yake, jambo ambalo Mwambao ya zamani haikuliweza. Wafuasi walikuwa wavuvi, wakulima wa mihogo na minazi, vijana wasio na kazi, kina mama wengi, wazee waliochoka kuitwa maskwota. Hawakuwa na mfadhili aliyejulikana wala mbunge aliyethubutu kusimama nao hadharani.

Na karatasi waliyoishika ni ile ya Mwambao. Mkataba wa 1895, barua za 1963. Walisema ukanda ulikodishwa, haukuuzwa, kwa hiyo Kenya haina haki juu yake. Mabarazani maneno yalinoga zaidi: kwamba mkataba ni wa miaka 50 na utakwisha 2013. Barua na mkataba wa 1963 havina ukomo wa namna hiyo. Lakini uvumi huo ulikuwa na nguvu ya ajabu, kwa sababu uligeuza dhuluma isiyo na mwisho kuwa deni lenye tarehe ya kulipwa. Nimewahi kufikiri kwamba mtu ambaye maisha yake yote ameshindwa na karatasi ya mwingine hawezi kulaumiwa sana akitafuta karatasi yake, hata iwe ya nani. Kwa kuwa hati ya shamba hana, akashika hati ya nchi.

Serikali iliwajibu kwa marufuku. Oktoba 2010 MRC iliwekwa katika orodha ya makundi 33 yaliyoharamishwa chini ya sheria ya uhalifu wa kupangwa, jina lake likakaa pamoja na la genge la Mungiki. MRC haikwenda msituni. Ilikwenda kortini, na tarehe 25 Julai 2012 majaji watatu wa Mahakama Kuu Mombasa walisema marufuku ile haikulingana na Katiba. Watu waliimba nje ya mahakama. Serikali ilikata rufaa, na kabla miezi mitatu haijapita polisi walikuwa Kombani. Usiku wa kuamkia uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 maafisa wa polisi waliuawa Mombasa na Kilifi. Lawama ziliwaendea MRC, viongozi wake wakakana. Mwaka 2013 ulikwisha, na ile tarehe iliyosubiriwa mabarazani ikapita kama tarehe nyingine.

Lililowapunguzia nguvu zaidi ya polisi ni Katiba yenyewe ya 2010. Kifungu chake cha 5 kilitaja mipaka ya Kenya na kuukata mjadala wa kujitenga, kile cha 170 kilibakiza mahakama za kadhi zilizoahidiwa katika barua za 1963, na serikali za kaunti zilifanana kwa mbali na majimbo ya Ngala. Kwale ikapata gavana wake, Salim Mvurya, kisha mwaka 2022 Fatuma Achani. Zabuni, basari na ajira zikaanza kutafutwa Kwale mjini badala ya Nairobi. Uhuru Kenyatta, mtoto wa aliyeziandika barua zile, alikuja pwani mwaka uleule wa 2013 akagawa makumi ya maelfu ya hati miliki. Na wanasiasa wakajifunza kulitumia lile neno la kujitenga bila kulilipia gharama: Novemba 2017, baada ya uchaguzi uliozozaniwa, magavana Hassan Joho wa Mombasa na Amason Kingi wa Kilifi walitangaza kwamba pwani itadai kujitenga. Miezi michache baadaye hakuna aliyelisikia tena. Maneno ambayo watu wa Kombani walifungwa kwa ajili yake yalikuwa yamekuwa silaha ya kujadiliana mezani.

Katika miaka hiyohiyo kulikuwa na watu wengine wa Kwale waliokuwa na shida ya karatasi, ila yao ilikuwa kinyume. Wale Wamakonde wa mashamba ya mkonge na miwa, watoto na wajukuu zao, walikuwa wamezaliwa Kwale bila kuwa raia wa nchi yoyote. Hawakuweza kupata kitambulisho, hati ya shamba wala laini ya simu kwa jina lao. Oktoba 2016 waliandamana kutoka Kwale hadi Nairobi kumwona Rais, na mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa Shimoni, Vanga na Kilifi walifuata mwaka 2023. Ukutani pameandikwa Pwani Si Kenya, na chini ya ukuta huo mtu anapita kwa miguu akienda kuomba aandikwe Mkenya. Sioni kwamba mmoja alikuwa mjinga na mwingine mwerevu. Wote wawili walikuwa wanamfuata karani yuleyule wa 1908.

Leo MRC haisikiki sana. Wazee wa kaya huitwa kila uchaguzi kumpa mgombea fimbo na baraka, na wagombea hupanga foleni. Kati ya Ukunda na Msambweni, kule Maumba na Nguluku, mchanga wa madini ya titani ulichimbwa na Base Titanium na kusafirishwa nje kupitia Likoni tangu mwaka 2014, baada ya familia zilizokuwa zikiishi hapo kuhamishwa. Uchimbaji ulimalizika Desemba 2024. Tarehe 30 ya mwezi huohuo Jamshid bin Abdulla, ambaye miaka ya mwisho aliruhusiwa kuhamia Oman, alifariki akiwa na umri wa miaka 95. Msambweni hawakuwa na nafasi ya kumwomboleza. Walikuwa wanaulizana ile ardhi ya Nguluku, mchanga ukishachukuliwa, itaandikwa kwa jina la nani.